Kwa gari la umeme hadi Mombasa, soketi baada ya soketi

Nimeyaandika haya baada ya kurudi Nairobi, nikiunganisha daftari la kaka yangu, picha za simu na vikaratasi vya malipo nilivyovitia kwenye mfuko wa mlango wa gari. Tulisafiri mwezi wa Agosti. Shangazi yetu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho Mombasa, naye ni mtu wa kuhesabu nani amekuja na nani amepiga simu tu. Kaka aliendesha matrela kwenye barabara hiyo kwa miaka mingi, na kila mlima anaujua kwa jina na kwa gia.

Gari ni Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, iliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Kilowati-saa moja ni ile ile uniti tunayonunua kwa tokeni. Betri si mpya tena. Kifaa cha kuisoma kinasema imebaki na asilimia 88 ya nguvu zake, kwa hiyo tuna kama uniti 34 za kutumia. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula takriban uniti 14 kila kilomita 100. Kwenda Mombasa ni kama kilomita 480, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maana yake unapokwenda mteremko unakusaidia, na unaporudi unadaiwa. Nilipiga hesabu: kupandisha gari hili kutoka baharini hadi nyumbani, pamoja na sisi wawili na mizigo, kunahitaji karibu uniti 8 zaidi ya zile za kusukuma magurudumu.

Kwa anayefikiria Leaf ya Japani: tundu lake la chaja ya kasi ni la CHAdeMO, aina ya plagi ya Kijapani, na chaja nyingi mpya zinazowekwa nchini zina plagi za aina nyingine. Nyingi za gari hizi pia hupokea kilowati 3 tu kwenye chaji ya kawaida. Kwa sababu hiyo tuliipanga safari yote juu ya soketi ya ukutani ya pini tatu, ambayo kwa ampea 10 hutoa kama kilowati 2.3. Usiku mzima hujaza karibu betri yote. Ukiwa na haraka ya kufika siku hiyo hiyo, panda treni.

Alhamisi: Nairobi, Makindu, Mtito Andei

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, betri imejaa. Ikijaa kabisa, gari haliwezi kurudisha nguvu wakati wa kupunguza mwendo kwa kuwa hakuna pa kuiweka, kwa hiyo hadi Athi River tulitumia breki za kawaida. Mlolongo ulikuwa Mlolongo: matrela, moshi, wauza mayai.

Baada ya njia panda ya Machakos barabara inabaki na leni moja kwenda na moja kurudi, na hapo kaka akatoa shauri lililotufaa njia nzima. Tafuta trela linalokwenda 80 kwa utulivu, kaa nyuma yake kwa nafasi ya kutosha, sahau kupita. Upepo unapungua, betri inadumu, na huhatarishi maisha kwenye kona kwa ajili ya dakika kumi.

Kuteremka Salama ndiko kulikomshangaza. "Hapa tulikuwa tunashuka na gia ndogo," akasema, "injini inalia, breki unaziachia zisiungue." Nikaweka gia kwenye B, nikaondoa mguu. Gari likajishika lenyewe, mota ikageuka kuwa jenereta, na asilimia ya chaji kwenye kioo ikapanda badala ya kushuka. Ilipanda kidogo tu, lakini kaka aliikodolea macho mpaka tulipofika Sultan Hamud. Alinihesabia madereva aliowajua waliofia kwenye miteremko kama ule kwa sababu breki zilichemka zikakataa. Hakusema lolote kuhusu mazingira. Alisema tu kwamba trela lenye uwezo huo lingewafaa.

Makindu tulifika na asilimia 41. Hekalu la Masingasinga liko kando ya barabara, na kwa miaka mingi limemlisha msafiri yeyote bure, awe wa dini gani. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na pombe wala sigara. Tulikula chapati, dengu na wali, tukanywa chai ya maziwa, tukatia kitu kwenye sanduku la sadaka. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa chapati alituuliza tumetoka wapi na kama tumeshiba, akaongeza mbili juu ya sahani ya kaka kabla hajajibu.

Mtito Andei tuliingia saa sita na nusu mchana tukiwa na asilimia 17. Ni karibu nusu ya safari, na tangu zamani ni mji wa kupumzika. Nilikuwa nimeshapiga simu kwenye loji moja ndogo, na mwenyewe, mama wa makamo, akakubali "gari lichomekwe". Tulipochomeka, taa ya chaja ikawaka nyekundu. Soketi haikuwa na waya wa ardhini, ule wa kupeleka umeme uliovuja udongoni, unaofanya kazi. Simu hujazwa kwenye soketi ya namna hiyo bila shida, lakini chaja ya gari hupima kwanza na ikikosa ardhi hukataa, na inafanya vyema kukataa.

Mama hakutufukuza. Alimwita kijana fundi wa stima aliyekuwa akitengeneza feni duka la pili. Akafungua soketi, akaonyesha waya wa kijani uliokatika ndani ya ukuta, akatafuta nondo ya shaba, akaigongomea kwenye udongo wenye unyevu karibu na tangi la maji na kuunganisha upya. Ilimchukua saa moja na nusu. Taa ikawa ya kijani. Nilipouliza deni, akataja bei ya nondo na waya peke yake. "Kazi ni ya mama," alisema, "hata friji ya wageni itafaidika." Nilimlazimisha apokee shilingi mia tano.

Kisha likaja suala la bei. Mama aliogopa, na ni haki yake. "Mwanangu, gari hili si litamaliza tokeni zangu zote?" Kaka akatoa kile kifaa ninachomsihi kila msafiri wa gari la umeme akibebe: mita ndogo ya kuchomeka kati ya soketi na chaja, inayoonyesha uniti zilizoingia. Tukakubaliana shilingi 50 kwa uniti. Yeye hununua kwa chini ya 30. Kila mmoja aliona atakacholipa au kulipwa, na mashaka yakaisha pale pale.

Jioni madereva wa matrela walilizunguka gari. Swali kubwa halikuwa la umbali. Mmoja aliuliza kama stima yenyewe haitoki kwenye jenereta za dizeli, kwa hiyo tunahamisha moshi tu. Ni swali zuri na nililijibu kwa kirefu. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako kituo cha kwanza kilianza mwaka 1981, mabwawa ya Mto Tana, mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, na jua. Usiku wa manane, watu wakilala, mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote kwa kukosa mtumiaji. Gari linalochaji saa nane usiku linatumia kile ambacho kingepotea. Yule dereva akafikiri, akasema: "Basi tatizo ni soketi." Ndivyo ninavyoamini mimi pia, na safari nzima ilinithibitishia.

Usiku stima ilipotea kwa saa tatu hivi. Iliporudi, chaja ilianza yenyewe.

*Kwa wanaofuata:* baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuunguza kidole, punguza chaja hadi ampea 8 au 6 au hama soketi. Waya wa ekstensheni uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote hata kama gari liko karibu. Waya uliozungushwa kwenye kibonge hupata joto hadi plastiki ikayeyuka.

Ijumaa: Mtito Andei, Voi

Tuliondoka na asilimia 76 kwa sababu ya zile saa tatu za giza. Mita yetu ilisoma uniti 23, tukamlipa mama shilingi 1,150. Alitufungia mayai ya kuchemsha.

Kati ya Mtito na Voi barabara inapita katikati ya Tsavo. Tembo wekundu kwa udongo wa huko walikuwa karibu na tuta la reli, wakielekea kwenye mojawapo ya njia walizoachiwa chini yake. Tulisimama pembeni, kioo kikiwa chini. Gari halikuwa na mngurumo wa kuzima, kwa hiyo tulisikia matawi yakivunjwa. Usishuke garini hapo, hata kwa picha.

Treni ya abiria ya kwenda Mombasa ilitupita juu ya tuta. Nimeipenda tangu ilipoanza mwaka 2017, na imewaondoa watu wengi kwenye mabasi ya usiku. Hata hivyo vichwa vyake bado vinachoma dizeli, huku nyaya za umeme mkubwa zikipita karibu na njia yake. Natamani sana siku reli hiyo itakapofungwa umeme. Treni moja ya makontena ingepunguza moshi kuliko magari yote madogo ya umeme niliyowahi kuyaona Nairobi.

Voi tulifika na asilimia 39. Zilizobaki hadi Mombasa ni kama kilomita 155, kwa hiyo ilibidi tuchaji. Kwenye loji ya kwanza meneja alidai shilingi 2,500 kwa usiku, bila mita, bila mazungumzo. Tukamshukuru, tukaenda. Loji ya pili mlinzi wa lango ndiye aliyetuokoa. Alisikiliza, akaikagua mita yetu, akaenda mwenyewe kumweleza bosi wake, akarudi na jibu: shilingi 40 kwa uniti na maegesho chini ya mwarobaini. Hakuwa ameombwa na mtu. Baadaye alituambia mwanawe anasomea ufundi wa umeme, akataka kujua kila sehemu ya gari ili amsimulie.

Mchana wote tulikuwa pale. Ugali, kuku wa kienyeji na mchicha, kisha usingizi. Tungeweza kuondoka jioni, lakini kaka haendeshi usiku kati ya Voi na Mariakani, na simlaumu.

Niseme jambo kuhusu bei. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kodi na tozo. Inahitaji mita yake peke yake. Loji za barabara kuu ndizo zingefaidika zaidi kuliko yeyote, maana wateja wao hulala hapo hapo saa za bei nafuu. Nilizungumza na wenye loji kila tuliposimama, na hakuna aliyekuwa ameisikia. Yule bosi wa loji yetu ya Voi alinipa karatasi nimwandikie jina la bei hiyo. Nimemwandikia.

Jumamosi: Voi, Mombasa

Uniti 24, shilingi 960, betri imejaa. Maungu, kisha Mackinnon Road, ambapo madereva wengi husimama penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kuomba safari njema. Kaka hajawahi kupita bila kusimama na hakuanza siku hiyo. Taru na Samburu ni kavu na ndefu.

Kuanzia Mariakani kulikuwa na ujenzi: vumbi, michepuko, foleni ya matrela isiyosogea. Kwenye foleni ndipo gari la umeme linapokustarehesha zaidi. Likisimama halili kitu isipokuwa kipoza hewa na redio. Tulikaa zaidi ya saa moja na chaji ikapungua asilimia mbili. Matrela yaliyotuzunguka yalikuwa yakinguruma papo hapo, na watoto waliokuwa wakiuza maji na njugu walikuwa wakipita katikati ya ule moshi kutwa nzima. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kitu chochote cha safari hii. Tunapozungumzia usafiri safi tunapenda kutaja hali ya hewa ya dunia, na ni kweli, lakini mapafu ya watoto wa Mariakani yako karibu zaidi.

Changamwe tulipita karibu na Kipevu, iliko mitambo inayozalisha umeme kwa mafuta mazito. Huwashwa zaidi jioni, watu wakipika na kuwasha taa. Kwa hiyo ukitaka chaji yako iwe safi kweli, subiri saa nne usiku. Nyumba ya shangazi tulifika na asilimia 44.

Jumapili na Jumatatu: Mombasa

Shangazi anaishi Tudor, ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Hapa ndipo wengi wanapoishia wanapofikiria gari la umeme: utashusha waya dirishani? Tulienda kwa mzee anayesimamia jengo. Alitusikiliza akiwa na kikombe cha kahawa, kisha akatuonyesha soketi ya pampu ya maji uani. "Pampu hulala saa tatu," alisema. "Gari lenu lianze hapo." Soketi hiyo ilikuwa na ardhi nzuri na waya mnene, maana pampu ina haja zake. Tulimnunulia tokeni za shilingi 1,000. Alitaka kurudisha baki na ilibidi shangazi aingilie kati.

Asubuhi ilikuwa mahamri na mbaazi za nazi, na shangazi, kwa jicho moja lisilofungwa, akisimamia kila kitu.

Jumatatu tulimpeleka kliniki, na nikapata muda wa kuongea na vijana wa bodaboda za umeme. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki hizo hapa Mombasa, na sasa unaziona. Kijana mmoja aliniambia hachaji kabisa: betri ikikaribia kwisha anaingia kituoni, anaitoa, anapewa iliyojaa, anaondoka. Anapoteza dakika chache. Lalamiko lake ni kwamba vituo viko mjini tu, na abiria akitaka kwenda mbali analazimika kumkataa. Wa bodaboda na mimi wa Leaf tulikuwa na shida moja.

Jumanne hadi Alhamisi: kurudi

Kupanda sasa. Kutoka Tudor hadi Voi tulitumia asilimia 72 ya betri, wakati kushuka kulikuwa kumetula 56. Mlinzi wetu wa Voi alikuwa amemwita mwanawe, na kijana huyo alikaa na kaka kwenye boneti iliyofunguliwa mpaka giza likaingia. Uniti 28, shilingi 1,120.

Jumatano tulipita Mtito Andei bila kuchaji, ila tuliingia kumsalimu mama. Tayari alikuwa amechaji gari jingine, la familia iliyokuwa ikienda Diani, na alikuwa amenunua mita yake mwenyewe. Tulilala Makindu, uniti 28 kwa 50, shilingi 1,400. Kati ya Voi na Makindu hakuna la kusimulia zaidi ya upepo wa mbele.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani: Makindu hadi Nairobi, karibu kilomita 170, karibu zote za kupanda. Tulitoka na asilimia 100, tukaenda 70 kwa saa, kipoza hewa kimezimwa. Mlima wa Salama peke yake ulituonyesha namba ikishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na kaka akaniambia nisiitazame, nitazame barabara. Juu ya Konza mambo yakatulia. Nyumbani tuliingia na asilimia 21.

Gharama za stima kwa safari nzima, pamoja na kujaza nyumbani kabla ya kutoka, zilikuwa kama shilingi 6,700. Gari letu la zamani la petroli lilikwenda kilomita 13 kwa lita. Kwa bei ya petroli ya wakati huo, ya shilingi 180 na ushei, umbali huo ungetugharimu zaidi ya 13,000. Tuliokoa nusu ingawa uniti nyingi tulizilipia karibu mara mbili ya bei ya nyumbani. Kwa upande wa pili wa mizani weka malazi ya ziada njiani, ambayo mwenye petroli hayahitaji, na yanaila akiba hiyo yote. Chaja ya kasi yenye plagi za aina zote pale Mtito Andei na nyingine Voi ingeyafuta malazi hayo.

Ukienda na betri kama yangu, piga simu kwenye loji kabla ya kutoka na uulize mambo mawili: kama soketi iliyo karibu na maegesho ina ardhi, na bei ya uniti. Kwenye kurudi usilale Kibwezi ukitegemea kufika Nairobi bila kuongeza chaji njiani. Makindu iko kama kilomita ishirini mbele, na juu ya Salama utazihitaji zote.